Nanyokie Aingia Hekaluni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya Jumamosi, Dhiren Hirani alikuwa juu ya ngazi akifunga maua ya manjano kwenye mlango wa hekalu jipya la Kitengela, simu ikalia mfukoni. Alisikiliza kwa muda. Alisema "sawa" mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, kisha akashuka, akakaa kwenye kidato cha chini.

"Kaki," aliita. Ndivyo Wagujarati wanavyomwita mke wa baba mdogo. "Ng'ombe haji."

Manjula Hirani alitoka ndani, vidole vimelowa samli ya kuwashia taa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na minane, mfupi, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na siku hiyo alivaa sari ya hariri ya kijani aliyoivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya mwanawe Nilesh. Alikuwa amefunga. Hakuwa ametia chochote kinywani tangu jana adhuhuri.

"Haji kwa nini?"

"Ameshikwa na homa. Mwenye shamba anasema daktari wa mifugo amekataza asitolewe zizini."

"Na ndama?"

"Ndama bila mama yake atakuja kufanya nini, Kaki?"

Ng'ombe huyo hakutakiwa kwa maziwa wala kwa nyama. Ndani ya hekalu, nyuma ya pazia jekundu, ilisimama murti, sanamu takatifu ya Krishna, jiwe jeusi lenye urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, lililosafiri kutoka Jaipur kwa meli na kwa lori. Kwa siku mbili Maharaj Yogesh, kuhani kijana aliyeletwa kutoka Nairobi, alikuwa amelisomea jiwe hilo, ameliogesha kwa maziwa na asali, amelilaza juu ya nafaka na kuliamsha. Lilibaki jambo moja: kulifungua macho. Macho yakishafunguliwa, jiwe si jiwe tena. Ni Mungu aliyehamia nyumbani kwake, na kitu cha kwanza anachokiona lazima kiwe chema. Wako wanaomwonyesha kioo. Maharaj Yogesh, kwa desturi ya kwao, alitaka ng'ombe na ndama wake wasimame mbele ya pazia. Saa nayo ilikuwa imekadiriwa kwa nyota tangu mwaka uliopita: kuanzia saa tano na dakika kumi na nane mpaka saa tano u nusu. Dakika kumi na mbili. Zikipita, wakati mwingine mwema ungepatikana baada ya miezi mitano.

"Tutumie kioo," Dhiren alisema.

Maharaj, aliyekuwa amesimama mlangoni bila shati, uzi mtakatifu umekatiza kifua, alijibu kwa upole kwamba kioo kipo, kingetumika. Lakini jana mbele ya moto walikuwa wameshamwahidi Krishna ng'ombe. Yeye asingependa kuwa mtu wa kumfungua macho Krishna na kumwonyesha kwamba ahadi ya kwanza aliyopewa katika nyumba yake imevunjwa.

Manjula alijifuta vidole kwenye kitambaa.

Yeye alizaliwa Kajiado mjini, nyuma ya duka la baba yake, na kwa utoto wake wote Mungu aliishi kabatini. Lilikuwa kabati la mbao, katikati ya magunia ya sukari na katoni za sabuni, likifunguliwa asubuhi na jioni na kufungwa wateja wakiingia. Mama yake alisali akiwa ameinama hapo kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Wakati huo Wahindu kutoka Athi River hadi Namanga walikuwa nyumba arobaini. Sasa zilikuwa nyumba kumi na moja, watu thelathini na wanne ukimhesabu mtoto mchanga wa kina Vekaria. Wengine wote walikwenda Leicester, au Toronto, au walikufa. Manjula aliposema hekalu lijengwe kwenye ploti aliyoachiwa na marehemu mumewe, Dhiren alimuuliza linajengwa kwa ajili ya nani. Alimjibu kwamba ni kwa ajili ya waliobaki, na hao waliobaki wamechoka kuinama mbele ya kabati. Ujenzi ulichukua miaka minne.

Asingekubali kazi hiyo ishindwe kwa homa ya ng'ombe mmoja.

"Dhiren," alisema, "tuko kaunti gani?"

"Kajiado, Kaki."

"Kajiado. Kwa Wamasai. Na wewe unaniambia umekosa ng'ombe."

Aligeuka akamtafuta Musila. Musila ndiye fundi aliyejenga hekalu hilo tangu msingi mpaka vigae, Mkamba mwenye mwili mkubwa na maneno machache, na asubuhi hiyo alikuja amevaa suti ya kanisani kwa sababu alialikwa kama mgeni wa heshima. Pikapu yake ilikuwa nje.

"Musila, unajua kwa Nalangu?"

"Yule mama wa maziwa? Wa kule Korrompoi?"

"Huyo. Twende."

"Mama, na hiyo nguo?"

"Nguo itafuliwa," Manjula alisema, tayari ameshika mlango wa pikapu.

*

Nalangu alikuwa amemletea Manjula maziwa kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwa kibuyu, siku hizi kwa mtungi wa plastiki. Alikuwa mjane pia, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa haraka, mzee wa kanisa katika kanisa dogo la mabati lililo karibu na boma lake. Pikapu iliposimama kwenye uzio wa miiba, alitoka akiwa ameshika ufagio, akakodoa macho kuona sari ya kijani ikishuka kutoka kiti cha mbele.

"Takwenya, Nalangu," Manjula alimwamkia kwa Kimaa.

"Iko. Mama Nilesh, kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Niko na shida ya ng'ombe. Nataka ng'ombe mwenye ndama, sasa hivi, kwa saa mbili tu. Nitamrudisha mwenyewe."

Nalangu aliweka ufagio chini. Alimtazama Musila na suti yake, kisha akamrudia Manjula.

"Wa kufanya nini?"

"Aingie hekalu letu. Asimame. Atoke."

"Hachinjwi?"

Manjula aliweka mkono kifuani. "Nalangu. Umewahi kuniuzia nyama?"

"Sijawahi. Lakini mambo ya dini siyajui. Watu wengi wakifungua nyumba wanachinja."

"Sisi hatuchinji. Mungu wetu anataka kumwona. Leo ndiyo siku anafungua macho, na kitu cha kwanza anataka kuona ni ng'ombe na mtoto wake."

"Kwa nini ng'ombe?"

"Kwa sababu alipokuwa duniani alikuwa mchungaji."

"Wa kanisa gani?"

Musila alikohoa. Manjula mwenyewe alianza kucheka, jambo ambalo hakulitarajia asubuhi hiyo. "Si wa kanisa. Wa ng'ombe. Alilelewa kwa watu wa ng'ombe. Alikuwa anapeleka ndama malishoni, anapiga filimbi, ng'ombe wanakuja."

Nalangu alilifikiria hilo kwa uso wa mtu anayepima jambo zito. Kiangazi cha mwaka elfu mbili ishirini na mbili kilikuwa kimemchukulia ng'ombe thelathini na wawili kati ya arobaini. Walianguka mmoja mmoja njiani kuelekea majini. Ndama wa kwanza kuzaliwa bomani mwake baada ya kiangazi hicho alikuwa wa Nanyokie, ng'ombe wake mwekundu, na mwaka huu Nanyokie alikuwa amezaa tena, wiki mbili zilizopita. Hakukuwa na ng'ombe mwingine mwenye ndama mdogo. Manjula alilijua jambo hilo kwa sababu alikuwa akisikia habari za Nanyokie kila asubuhi pamoja na maziwa.

"Mimi ni mtu wa kanisa," Nalangu alisema mwishowe. "Siwezi kuinamia kitu."

"Usiiname. Hakuna atakayekuambia uiname."

"Na Nanyokie haendi na mgeni. Akienda, naenda naye."

"Njoo."

"Na hapandi gari. Mwaka jana nilipakia fahali kwa lori, wakamvunja mguu. Nanyokie atatembea."

Manjula alitazama saa yake. Saa tatu na nusu ilikuwa imepita. Kutoka hapo mpaka hekaluni ni kilomita nne na ushee, na barabara ya Namanga katikati. "Atatembea," alikubali. "Yuko wapi?"

Alikuwa malishoni.

Nalangu alipanda juu ya kichuguu nyuma ya boma, akafunga mikono mdomoni akaita, sauti ndefu yenye kupanda na kushuka. Hakuna kilichotokea. Aliita tena. Mbali kabisa, kwenye miti ya miiba, kundi la ng'ombe wanane lilionekana kama madoa. Manjula alisimama chini ya kichuguu, akisali kimoyomoyo kwa Mungu aliyekuwa bado amefunikwa pazia. Akamwambia kama mtu anayemsihi jirani: wewe unajua kuwaita, basi muite na huyu.

Doa moja jekundu lilijitenga. Likaanza kuja.

Nanyokie alikuwa ng'ombe mdogo mwenye pembe fupi na nundu iliyojaa, mwekundu mwili mzima isipokuwa alama nyeupe kwenye paji. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kizizi cha ndama, akaanza kuita. Nalangu alimruhusu ndama anyonye kidogo. Kisha alipojaribu kumtoa Nanyokie langoni, ng'ombe alikita miguu. Nalangu alimvuta, akamsemesha, akamgonga kiunoni kwa fimbo. Musila alisukuma kutoka nyuma, suti na yote. Nanyokie alisimama kama nguzo, macho kwa mtoto wake.

"Hawezi kuacha ndama," Nalangu alisema, anahema. "Na ndama hawezi kutembea mbali hivyo."

Manjula aliitazama sehemu ya nyuma ya pikapu, akamtazama ndama.

"Basi ndama apande gari," alisema. "Nitamshika mimi. Mama yake atafuata."

*

Hivyo ndivyo Manjula Hirani, mwenyekiti wa kamati ya hekalu, alivyotoka Korrompoi saa nne na robo akiwa ameketi nyuma ya pikapu juu ya gunia, sari imekunjwa magotini, amemkumbatia ndama mwekundu mapajani. Musila aliendesha kwa mwendo wa miguu. Nyuma ya gari, pua karibu iguse mlango wa nyuma, Nanyokie alikuja mbio mbio akilia, na kando yake Nalangu, shuka nyekundu inapepea, fimbo mkononi.

Ndama alikuwa na joto na harufu ya maziwa. Alimlamba Manjula mkono, halafu miwani, halafu akaanza kunyonya pindo la sari. Manjula hakuliondoa. Kila gari liliporuka kwenye shimo aliukaza mkono wake, na kila mara Nanyokie alipopiga kelele alimjibu kwa Kigujarati, "Yupo, mama, yupo, njoo," na baada ya muda Nalangu naye akawa anasema maneno yake kwa Kimaa, kwa hiyo ng'ombe alisemeshwa kwa lugha mbili njia nzima.

Watoto walitoka kwenye mageti. Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Mwanamke aliyekuwa akiuza sukuma wiki kando ya njia aliuliza ni harusi ya nani.

"Si harusi," Nalangu alimjibu bila kupunguza mwendo. "Ng'ombe wangu ameitwa na Mungu wa Wahindi."

Yule mama alimwachia jirani mboga zake, akafuata. Wengine wakafuata pia. Manjula, aliyekuwa ameketi akiwatazama, aliwaona wakiongezeka, watu kumi, ishirini.

Barabara ya Namanga ilikuwa imejaa. Malori ya simenti yalipita moja baada ya jingine, yakivuma, na upepo wake ulipompiga Nanyokie usoni aligeuka nyuma kabisa. Nalangu alimshika pembe. Musila alisimamisha gari pembeni. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu.

"Hatavuka," Nalangu alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hapa ndipo jirani yangu alipopoteza wawili."

Kwenye stendi ya bodaboda iliyo hapo kando, vijana walikuwa wameshaanza kusogea kuangalia. Mmoja wao, aliyevaa koti la kuangaza, alimtazama Manjula na ndama wake, akamwita kama anayemwita bibi yake.

"Shosho, mnaenda wapi na hiyo ndama?"

"Ng'ambo," Manjula alisema. "Hekaluni. Saa tano na dakika kumi na nane lazima tuwe tumefika. Nisaidie, mtoto wangu. Simamisha hii barabara."

Kijana aliangalia malori. Aliangalia wenzake. "Wazee," alisema, "tufungie shosho njia."

Pikipiki tisa ziliingia barabarani kwa pamoja, taa zinawaka, honi zinalia, nne upande huu na tano upande ule. Lori la kwanza lilisimama kwa breki ndefu. Dereva alitoa kichwa dirishani ili kutukana, akaona mwanamke mzee wa Kihindi mwenye sari ya hariri akishuka kwenye pikapu na kumvuta ndama kwa kitambaa cha mkononi, akakirudisha kichwa ndani. Manjula alitembea katikati ya lami, hatua ndogo ndogo, ndama akiyumba kando yake. Hakugeuka. Alijua akigeuka ataogopa. Alisikia kwato nyuma yake, kwanza moja moja, kisha nyingi, na Nanyokie akampita ubavuni kwa kasi, akafika ng'ambo kabla yao, akasimama akiwangoja kana kwamba wao ndio waliokuwa wanamchelewesha.

Watu walipiga makofi pande zote mbili za barabara.

"Bado kilomita moja," alimwambia Nalangu.

"Basi panda gari," Nalangu alisema. "Kwa nini unanitazama?"

*

Walifika saa tano na kumi na nne. Dhiren alikuwa langoni, simu mkono mmoja, mkono mwingine kichwani. Aliona pikapu, aliona ng'ombe, kisha aliona umati uliokuwa nyuma ya ng'ombe, akamsahau kabisa yule aliyekuwa akiongea naye kwenye simu. Ndani ya ua, mtu aliyefurahi kupita kiasi alifungulia spika mpaka mwisho, na ngoma za bhajan, zile nyimbo za ibada, zikalipuka. Nanyokie aliruka, akageuka, Nalangu nusura aanguke.

"Zima," Manjula alisema. Hakupaza sauti sana, lakini spika ilizimwa.

Katika utulivu huo walimpeleka Nanyokie hadi mlangoni. Maharaj Yogesh alimwaga maji kwenye kwato zake, akampaka nukta nyekundu juu ya alama yake nyeupe ya paji. Mke wa Vekaria alimvika shada la maua shingoni. Nanyokie aligeuza kichwa, akaling'ata nusu. Ndama aliingizwa ndani kwanza, akasimama katikati ya ukumbi kwenye vigae vyeupe vilivyong'aa kama maji. Nanyokie aliweka kwato moja juu ya kigae. Kwato iliteleza. Akairudisha nje.

Walijaribu tena. Akateleza tena, safari hii kwa miguu yote miwili ya mbele, akarudi nyuma akitweta.

Saa tano na kumi na tisa. Wakati mwema ulikuwa umeanza, nao ulikuwa ukipungua.

"Ni vigae," Musila alisema. Alikuwa ameinama mlangoni, akipapasa sakafu kwa kiganja, fundi anayeikagua kazi yake. "Niliviweka mimi. Ni laini sana. Ng'ombe anajua ataanguka." Aliinuka, akatazama kule nyuma ya ukuta ambako lilibaki rundo la mchanga wa ujenzi. "Tutie mchanga."

"Ndani?" Dhiren aliuliza. Vigae hivyo alivichagua yeye. Asubuhi hiyo alikuwa amevipiga deki mara mbili.

"Ndani."

Dhiren alimtazama Manjula. Kisha alivua viatu, akavua koti, akakimbia kwenye rundo, akawa wa kwanza kurudi na karai.

Baada ya hapo kila mtu alikimbia. Wanawake waliovaa hariri walibeba mchanga kwa masinia ya shaba yaliyokuwa ya vitamu. Mzee Vekaria, mwenye miaka themanini na moja, alibeba wake kwa kofia. Vijana wa bodaboda waliingia uani wakauliza viatu vinaachwa wapi, wakaviacha, wakachukua ndoo. Phylis, mke wa Musila, aliusambaza mchanga kwa mikono, akiupapasa kama anayetandika kitanda, kutoka mlangoni mpaka mbele ya pazia jekundu. Hakuna aliyekuwa akitoa amri tena. Mtu mmoja alitaja saa, mwingine akamwambia anyamaze.

Saa tano na ishirini na nne mchanga ulikuwa umefika.

Nalangu alivua kandambili zake mlangoni. Alisimama hapo kidogo, akatazama ndani, na Manjula akajua anachokifikiria.

"Nimshike mimi?" Manjula aliuliza taratibu.

"Hapana," Nalangu alisema. "Nimesema nitakuja naye. Mungu wangu ananijua." Akaingia, mgongo umenyooka, akaanza kumwimbia Nanyokie kwa Kimaa ule wimbo wa chini chini wa wakati wa kukamua.

Nanyokie aliweka kwato juu ya mchanga. Alinusa. Akaweka ya pili. Ukumbini kulikuwa na watu wengi kuliko hewa, na hakuna aliyepumua. Alitembea taratibu, pembe zikipita katikati ya taa za samli, mpaka alipomfikia ndama wake mbele ya pazia, akaanza kumlamba mgongo.

Maharaj Yogesh alitazama saa yake. Alifumba macho, akasoma. Saa tano na dakika ishirini na saba aliingia nyuma ya pazia na sindano ya dhahabu, kisha sauti yake ikapanda, na pazia likaanguka.

Krishna alikuwa mweusi, anang'aa kwa mafuta, mguu mmoja umekatiza mwingine, filimbi mdomoni. Wachongaji wa Jaipur walikuwa wamempa tabasamu la pembeni, la mtu aliyefanya utundu na anajua hujamgundua. Macho yake mapya, makubwa na meupe, yalitazama moja kwa moja mbele, na mbele yake alikuwa Nanyokie.

Ng'ombe aliinua kichwa. Walitazamana. Kisha Nanyokie alilia, mlio mrefu mzito uliojaa ukumbi wote mpaka vioo vikatetemeka, na watu thelathini na wanne, pamoja na wale wote waliokuja nyuma ya ng'ombe, wakapumua kwa pamoja. Kengele ikapigwa. Mtu akalia kwa sauti. Mzee Vekaria alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, akishindwa kuinuka na hataki kuinuliwa.

Manjula alikuwa amejiandaa kwa siku hii. Alikuwa na sala ndefu, ametaja humo majina ya marehemu wote: mama yake, baba yake, mumewe, walioondoka, waliosahauliwa. Alifungua mdomo, na halikutoka hata jina moja. Alisimama wima. Hilo ndilo alilolihisi zaidi ya yote: alikuwa amesimama wima mbele ya Mungu, mikono imeunganishwa, hakuna gunia la sukari mgongoni mwake, hakuna mteja wa kumharakisha, na uso ule mweusi ulikuwa ukimtabasamia kupitia juu ya mgongo wa ng'ombe. Alianza kucheka. Alicheka huku machozi yakimtiririka hadi kwenye uzi wa miwani.

Wakati huo huo Nanyokie aliinua mkia, akaacha kinyesi katikati ya ukumbi.

Dhiren alifumba macho. Maharaj Yogesh alifurahi hata akapiga makofi, akaeleza kwa Kihindi kwamba kinyesi cha ng'ombe hutakasa nyumba, kwamba baraka kama hiyo huombwa, hailazimishwi, na akaomba aletewe kijiko cha kukizolea.

"Anasema nini?" Nalangu aliuliza.

"Anashukuru," Manjula alisema.

Nalangu alikuwa akimtazama Krishna kwa makini, bila kuinama, kichwa ameweka upande, kama vile anavyomtazama mgeni aliyekuja bomani. "Ni kweli huyu ni mchungaji," alisema. "Ona anavyosimama. Mguu mmoja anapumzisha. Vijana wetu wanasimama hivyo hivyo."

*

Chakula kilikuwa kimepikwa cha watu hamsini. Waliokuwa uani walikuwa karibu mia mbili. Phylis na wanawake wa kina Vekaria walirudi jikoni, wakaongeza mchele na kunde, wakakata kabichi kwa haraka, na chapati zilizotoka zikawa za maumbo ya kila aina. Watu walikula wakiwa wamesimama, wamekaa ukutani, wamekaa juu ya pikipiki. Yule kijana wa koti la kuangaza alirudi mara tatu kwa ajili ya viazi. Nanyokie alilishwa chapati zenye sukari guru mpaka Nalangu akakataza, akasema, "Mtamharibia tumbo, na mimi ndiye nitakaa naye."

Manjula alikula kwa mara ya kwanza tangu jana, ameketi kwenye ukingo wa baraza, sari yake ina mchanga, mate ya ndama na doa moja ambalo hakulitafutia jina. Nalangu alikaa kando yake na kikombe cha chai.

"Mmefungua," Nalangu alisema. "Sasa mtasali lini tena? Jumapili?"

"Kesho asubuhi saa kumi na mbili. Na jioni."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu pia. Kila siku, Nalangu. Asubuhi na jioni, kila siku."

Kulisema kwa sauti kulimfanya aweke sahani chini. Kila siku. Alikuwa amefikiria saruji, vibali, meli, nyota, ng'ombe. Hakuwa amefikiria kwamba kesho ataamka tu, atembee dakika tano, aufungue mlango, na kutakuwa na mtu ndani.

Nalangu alimalizia chai yake, akainuka, akamwita Nanyokie. Ilikuwa saa nane na nusu na safari ilikuwa mbele yao. Musila alikuwa ameshamweka ndama kwenye pikapu, juu ya magunia mawili safari hii.

"Kaa," Nalangu alimwambia Manjula. "Umechoka. Phylis atamshika."

"Nilisema nitamrudisha mwenyewe," Manjula alisema, akapanda.